Nyimbo Zilipopata Hadithi

Tamasha la sanaa la Bagamoyo lilianza 1982, mwaka mmoja baada ya Chuo cha Sanaa kuanzishwa mjini pale. Katika miaka yake ya mwanzo ungeweza kukaa uwanjani tangu alasiri hadi usiku mkubwa usikutane na igizo la nyimbo hata moja. Nyimbo zilikuwepo, tena nyingi, na maigizo yalikuwepo, lakini kila kimoja kilipanda jukwaani kwa zamu yake. Sindimba ya Wamakonde ikitoka, wanasarakasi wanaingia. Igizo likiisha, inakuja msewe ya Pemba. Mpangilio huo haukutokea hewani. Miongoni mwa walimu walikuwemo waliotoka katika vikundi vya taifa vilivyoundwa baada ya Uhuru, na vikundi vile vilikuwa na kazi ya kuwaonyesha Watanzania ngoma za wenzao. Mtu wa Songea aione ngoma ya Mwanza, wa Mwanza aione ya Mtwara. Nilipofika chuoni kujifunza ngoma na marimba nilikuta hali hiyo, na nilijifunza mengi ndani yake. Sitaki mtu aibeze.

Ila kulikuwa na swali lililotusumbua sisi wanafunzi. Mbona watu wale wanacheza? Wasukuma hucheza bugobogobo na majembe mkononi kwa sababu ngoma ile imetoka shambani. Jukwaani tuliyarusha majembe juu, tukayadaka, tukapigiwa makofi, tukatoka. Shamba lenyewe halikuonekana, wala mwenye shamba.

Jibu tulilikuta kwanza vitabuni. Mwaka 1982 Penina Muhando alichapisha Nguzo Mama, ambamo Bi Msimulizi anatuongoza katika kijiji cha Patata, wanawake wakihangaika kuisimamisha nguzo yao. Humo wimbo haukuwekwa ili watazamaji wapumzike, unabeba sehemu ya habari. Mwaka huohuo, yeye pamoja na Amandina Lihamba na Ndyanao Balisidya walitoa Harakati za Ukombozi, na humo pia ngoma ikapewa kazi ya kusimulia. Tulivisoma vitabu hivyo kwa zamu mpaka majalada yakalegea.

Habari nyingine zilitoka kwa majirani. Mwalimu mmoja alitusimulia juu ya Byron Kawadwa wa Uganda, mtunzi wa Oluyimba lwa Wankoko, mchezo wa nyimbo wa Kiganda uliopelekwa Lagos kwenye tamasha la FESTAC mwaka 1977. Baada ya kurudi nyumbani Kawadwa alikamatwa na watu wa Idi Amin, akauawa. Alitusimulia pia ya Kenya, ambako Maitu Njugira wa Ngugi wa Thiong'o, mchezo uliojaa nyimbo za makabila mbalimbali, ulinyimwa jukwaa la Kenya National Theatre mwaka 1982. Wasanii wakafanya mazoezi Chuo Kikuu cha Nairobi, na watu kwa maelfu wakaja kuyatazama mazoezi yenyewe, mpaka nayo yakazuiwa. Habari hizi zilituingia sana. Tulijua sasa kwamba hadithi inayoimbwa ina uzito wa kutisha watawala, na kwamba kazi ambayo haijakamilika inaweza kutazamwa na watu wakaipenda.

Tulipopewa kazi ya kuandaa onyesho letu kwa tamasha, tuliichukua bugobogobo tukaitafutia shamba. Kijana anarudi kijijini anakuta ardhi ya baba yake imeuzwa. Basi. Hadithi yote ilikuwa hiyo. Mwanzoni wanakijiji wanalima kwa furaha na ngoma inachezwa kama ilivyozoeleka. Mwishoni wanaicheza tena, taratibu, na majembe hayagusi chini, maana ardhi si yao tena. Hatukuongeza hatua hata moja wala kubadili wimbo. Kilichobadilika ni kile ambacho mtazamaji alikuwa ameshakijua kabla ya ngoma kuanza. Mpaka leo sijaona njia bora zaidi ya kumweleza kijana nini maana ya igizo la nyimbo.

Ugumu ulikuwa kwenye pumzi. Mchezaji aliyetoka kurusha jembe hawezi kuimba peke yake papo hapo, kifua kinampanda na kushuka. Tulijaribu kuwagawa waimbaji na wachezaji, jukwaa likawa na watu wawili wawili kwa kila mhusika. Ndipo mmoja wetu akasema mama wa yule kijana aimbe, wachezaji wote wakiwa wameketi wanahema, na kuhema kwao kusikike. Wimbo wa mama ukatungwa kwa haja hiyo ya kuwapa wenzake nafasi ya kupumua, na ukawa ndio moyo wa onyesho.

Tuliutunga kwa ilimba, ala ya Wagogo inayopigwa kwa vidole gumba. Tulikuwa tumemsikia Mzee Hukwe Zawose, Mgogo aliyeishi Bagamoyo na kuipeleka ilimba na zeze duniani hadi alipofariki 2003, na hakuna aliyemsikia akabaki vilevile. Lakini waimbaji wetu wengi walilelewa na kwaya za kanisa, masikio yao yamezoea do-re-mi, na ilimba ina sauti zake. Walipoimba juu yake vitu viwili vilivutana. Tungeweza kuirekebisha ilimba iwafuate waimbaji. Tulifanya kinyume, waimbaji wakakaa na ilimba jioni baada ya jioni hadi masikio yakageuka. Nadhani uamuzi ule ulikuwa sahihi, kwa kuwa sauti ile ndiyo iliyomfanya mama yule awe mama wa mahali fulani.

Kisha tamasha likafanya kazi yake. Watoto wa Bagamoyo hukaa mbele kabisa, na hawamwonei msanii haya. Hadithi ikikwama wanaanza kusukumana na kuongea. Tulionyesha siku za mwanzo za tamasha, tukaona hasa ni wapi walisukumana, tukakata pale, tukaonyesha tena kabla ya wiki kuisha. Na asubuhi tulipopita sokoni tulitega sikio tujue wimbo gani watoto wanauimba njiani. Wimbo wa mama waliuimba. Ule tulioudhania kuwa mzuri kuliko zote hakuna aliyeukumbuka, tukautoa.

Miaka iliyofuata niliiona nikiwa mwalimu wa vijana. Miaka ya tisini fedha za wafadhili ziliingia katika sanaa nyingi za jukwaani nchini, na zilikuja na mada: UKIMWI, haki za wasichana, mazingira. Mada hizo zilistahili, na baadhi ya kazi zilikuwa nzuri kweli. Hata hivyo somo likiandikwa kabla ya mhusika, wimbo hugeuka tangazo. Dar es Salaam, vikundi vya Muungano na TOT viliwazoesha watu usiku mmoja wenye kichekesho, ngoma, kwaya na taarabu, kila kimoja peke yake, na watazamaji walifurika. Kwetu Bagamoyo, ukumbi wa chuo uliungua 2002, ukajengwa mwingine. Mwaka 2007 chuo kikawa wakala wa serikali, TaSUBa tunayoijua leo.

Vijana nao wakaja na bongo fleva. Niliwapokea kwa moyo mweupe, kwa sababu kufokafoka kunafaa ugomvi wa jukwaani kuliko wimbo wowote wa kwaya: maneno mengi yanapita haraka na kila neno linasikika. Ninachowapinga ni biti iliyorekodiwa. Mpiga ngoma humtazama mwigizaji, akiona machozi yanamlenga humsubiri. Mashine haimsubiri mtu. Nimeona waigizaji wazuri wakikimbilia mstari wao kwa kuogopa kuachwa na spika.

Tena vikundi vinavyokuja kwenye tamasha viliongezeka, vya mikoani na vya nje ya nchi, na ni haki kila kimoja kipate jukwaa. Matokeo yake, igizo jipya huonyeshwa usiku mmoja tu, kisha wasanii hutawanyika kabla halijapata kurekebishwa. Igizo la nyimbo huwa halijaiva usiku wake wa kwanza.

Lipo pia pengo kubwa zaidi. Vitabu vyetu vya tamthilia vimehifadhi maneno ya nyimbo bila sauti zake. Kijana akitaka leo kurudia igizo letu la shamba, wimbo wa mama hawezi kuupata popote, isipokuwa kwetu sisi tulioimba, na baadhi yetu wameshatangulia.

Kwa hiyo ninawaomba waandaaji wa matamasha, Bagamoyo na kwingineko: kila mwaka tengeni jioni moja kwa igizo lililoonyeshwa mwaka uliopita, lirudi likiwa limefanyiwa kazi. Nawe msomaji, kama uliwahi kuimba katika onyesho lolote la jukwaani, chukua simu yako ujirekodi. Imba wimbo wote, taja igizo, mwaka na mtunzi wake, kisha mkabidhi kijana anayejifunza.