Atelye nyuma ya nyumba yetu

Mama mmoja wa kijiji chetu aliniuliza baada ya ibada: namna gani bwana wake anaweza kufanya kazi ya mbao nyumbani bila nyumba nzima kugeuka pori la maranda? Nilimjibu kidogo pale njiani, lakini jua lilikuwa kali na mtoto analia mgongoni. Basi leo namjibu vizuri hapa, pengine na wengine watafaidika.

Kwetu Kivu tunasema atelye. Watanzania wanasema karakana. Jina si kitu. Neno ni hili: katika kambi, vitu vinatembea. Nyundo inaazimwa asubuhi, jioni iko kijiji cha tatu. Msumeno unakaa chini ya kitanda, siku ya kuuhitaji mnapindua godoro na magunia yote, watoto wanalaumiwa. Mimi naona fundi wengi hapa Nakivale hawaachi kazi kwa sababu ya kukosa wateja. Wanaacha kwa sababu vyombo vyao vimeisha kimoja kimoja, na hawakumbuki kilipotea lini.

Nyumba yetu ina vyumba viwili vya udongo, na sisi ni watu saba. Kwa hiyo atelye haiwezi kuwa ndani. Nilisimamisha nguzo sita nyuma ya nyumba, upande ambao hakuna jiko, nikaezeka kwanza kwa shitingi, halafu kwa bati kidogo kidogo. Urefu ni mita 3, upana mita 2. Nasema upande ambao hakuna jiko kwa sababu maranda makavu na cheche za makaa si majirani wazuri. Na kama unatumia mkono wa kulia, panga meza ili mwanga utoke kushoto kwako. Ukikaa kinyume, kivuli cha mkono wako kinaanguka juu ya mstari uliouchora, nawe unakata kwa kubahatisha.

Meza ya kazi ndiyo mama wa atelye. Usinunue. Tengeneza mwenyewe kwa mbao nzito, hata kama ni za karatusi zisizo nzuri kwa macho, maana meza nyepesi inacheza kila ukisukuma randa. Yangu nimeifunga kwenye nguzo mbili za ukuta. Urefu wake? Simama wima, mikono ining'inie, halafu kunja vifundo vya mikono: viganja vilale bapa juu ya meza. Hiyo ndiyo saizi yako, si ya jirani. Miguu nimeiweka juu ya mawe bapa, kwa sababu mchwa wa huku hawaulizi ruhusa. Jiriwa ya chuma ni makuta mengi, lakini vigingi viwili na kabari moja vinashika mbao vizuri kabisa. Wazee wetu walichonga mitumbwi bila jiriwa.

Sasa ukuta. Nilipigilia mbao pana mbili, nikatundika kila chombo kwa msumari wake: misumeno miwili, ule wa kupasulia na ule wa kukatia, randa, patasi nne, nyundo, keekee ya mkono, tupa ya pembe tatu ya kunolea meno ya msumeno, skwea, na vinginevyo. Jumla 19. Halafu nikachukua kaa la jiko nikachora umbo la kila kimoja kukizunguka. Wageni wanacheka, eti baba huyu amepiga vyombo vyake picha. Lakini jioni sihitaji kuhesabu. Naangalia ukuta mara moja tu, na umbo lisilo na mwenyewe linanitazama. Hata kitinda mimba wetu, ambaye bado hajaenda shule, anajua kusema, "Baba, nyundo haiko."

Patasi na misumeno viko juu kabisa, mkono wa mtoto haufiki. Chini kuna makopo ya mafuta ya mgao, yale ya zamani, nimekata vifuniko na kukunja ncha. Humo mna misumari kwa saizi yake, skrubu, msasa, vipande vya waya. Kopo moja ni la vitu visivyo na jina. Kila fundi anahitaji kopo hilo, msidanganyane.

Kuhusu kuazima nitasema zaidi kidogo, maana hapa ndipo penye maumivu. Sisi watu wa kambi tunaishi kwa kuazimana. Ukimnyima jirani msumeno, kesho utaambiwa umekuwa tajiri, na kesho kutwa wewe ndiye utakayehitaji ngazi yake. Ukimpa bila mpango, umeuaga. Basi nilikata vibao vidogo, kama saizi ya kidole gumba, nikatoboa tundu. Jirani akija, anaandika jina lake kwenye kibao na kukitundika pale pale kwenye msumari wa chombo alichochukua. Yeye mwenyewe anakitundika. Sijaandika deni kwenye daftari, sijamwambia neno kali. Lakini kila akipita uani anaona jina lake likining'inia mbele ya watu, na chombo kinarudi. Patasi siazimishi, nasema wazi. Patasi iliyofungulia kopo la rangi si patasi tena.

Mwaka 2023 mgao wa chakula ulipopangwa kwa makundi, sehemu ya familia yetu ilipungua. Mnakumbuka wakati ule, watu walivyouza masufuria. Mtu mmoja alikuja na pesa mkononi akitaka randa na misumeno yote miwili. Nilikaa juu ya meza ya kazi nikiangalia ukuta ule. Bibi yangu akatoka ndani, akauliza swali moja tu: "Pesa hiyo ni unga wa siku ngapi?" Tukapiga hesabu. Ulikuwa unga wa siku kumi na sita. Akasema, "Na siku ya kumi na saba?" Akaingia ndani kupika. Yule mtu nilimpa kahawa akaenda zake. Wiki ile nilitengeneza viti vidogo vya jikoni vinane kwa mabaki ya mbao, bibi akavipeleka sokoni kichwani, viwili viwili. Sisemi vilitushibisha. Nasema randa bado iko kwenye msumari wake.

Tukumbuke pia kwamba si kila mkimbizi ana ruhusa hii. Hapa Uganda sheria ya wakimbizi ya 2006 inatupa haki ya kufanya kazi na kutembea. Ndugu zetu walio katika nchi nyingine wanafungua mikono kwa shida.

Jambo la vumbi. Watu wengi wanaona vumbi la mbao ni uchafu tu, ukijifuta limekwisha. Hapana. Tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeliweka kati ya vitu vinavyojulikana kuleta kansa kwa binadamu, hasa ya pua. Ni kwa wale wanaolivuta miaka na miaka, lakini mtoto mchanga anayelala ukuta wa pili analivuta pia. Kwa hiyo msasa napiga nje kabisa, upepo ukienda mbali na nyumba, na kitambaa puani. Nanyunyiza maji kidogo kabla ya kufagia. Maranda ya randa, yale yaliyojikunja, yanakwenda kwenye gunia kwa ajili ya kuku na kwa choo.

Hapo sijamtaja mwenye atelye wa pili. Bibi yangu ana cherehani, na alikuwa nayo kabla ya mimi kuwa na randa. Vumbi na mafuta ya cherehani yakikutana yanakuwa ugali. Tulipatana hivi: asubuhi ni mbao, saa nane mchana nafagia, saa tisa mahali ni pake. Cherehani inafunikwa kwa gunia lililoshonwa kama kofia, na vitambaa vya sare za shule viko kwenye sanduku lenye kifuniko. Mezani kwangu anakatia nguo, kwa sababu ndiyo meza pana peke yake nyumbani, na hapo lazima iwe safi kuliko ya kanisa.

Jumamosi jioni hakuna mteja. Hapo natengeneza likembe. Ndimi zake nazipata kwenye spoku za baiskeli iliyokufa, nazigonga juu ya chuma mpaka zilale bapa, kisha natafuta sauti kwa kuzivuta mbele na nyuma. Haziuzwi. Mzee mmoja wa Fizi huja kukaa tu na kusikiliza, hasemi kitu, akimaliza chai anaondoka.

Mbao nazo zinataka nafasi. Zisikae chini. Mimi nimezipanga juu ya mawe, katikati ya kila safu naweka vijiti ili upepo upite, na ncha nazipaka rangi yoyote iliyobaki, kwa sababu karatusi hupasuka kuanzia nchani. Mafundi wa zamani husema mwaka mmoja wa kukausha kwa kila inchi ya unene. Nani hapa ana mwaka? Kwa viti vidogo natumia msonobari mwembamba uliokaa miezi michache, na mlango wa mtu sianzi na mbao mbichi hata akinibembeleza. Wakati wa mvua kila chuma kinapanguswa kwa kitambaa chenye mafuta. Hata ya kupikia yanafaa, lakini hapo muulize mwenye jiko kwanza.

Anayenoa misumeno sasa ni binti yangu wa miaka kumi na tano. Shangazi zake walinung'unika, eti mtoto wa kike na tupa. Ana jicho. Anakaa na msumeno umebanwa kati ya mbao mbili, anapitisha tupa jino moja, anaruka moja, halafu anageuza. Mafundi wawili wa kijiji cha jirani wanamletea misumeno yao, na pesa ni yake ya madaftari.

Mama uliyeniuliza, mlete bwana wako Jumanne au Alhamisi, kabla ya saa nane. Aje na kamba ya kupimia uwanja wenu, na kaa moja la jiko. Mbao za kuchorea vyombo ninazo mbili za ziada, atachukua.