Amana ya Debe Moja

Kwa miaka mingi nilisimama mbele ya ubao nikifundisha mnyambuliko wa kitenzi "amini". Wanafunzi wakanirudishia kwa sauti moja: aminia, aminika, aminiana, aminisha. Kisha niliwaonyesha jamaa zake: imani, amana, amani, uaminifu, hata ile "amina" tunayofungia sala. Yote yatoka katika shina moja la Kisemiti lenye herufi tatu, alifu, mimu na nuni. Niliyajua maneno hayo kama mtu ajuavyo majirani wa mtaa ambao hajapata kuingia nyumbani kwao.

Nilipostaafu nilirudi Lusewa, wilayani Namtumbo, nchi ambayo sisi wazee bado twaiita Songea kwa mazoea. Nilirudi na daftari. Ndani yake niliandika ekari nne za mahindi, magunia kumi na mawili kwa ekari, jumla magunia 48. Kumi ya kula, yaliyosalia ya kuuza. Humo ilimo karo ya chuo ya kitindamimba wetu, na bati za kuezekea jiko la mama yake. Mke wangu alilipitia daftari lile, akauliza, "Baba, na Mungu umemwandika ukurasa gani?" Nilicheka, nikaongeza chini ya hesabu: Mungu akipenda. Niliyaandika maneno hayo kama karani agongavyo muhuri kwenye barua aliyokwisha kuimaliza.

Wilaya yetu imepitiwa na ushoroba wa Selous na Niassa, njia ya tembo kutoka Tanzania hadi Msumbiji. Nilijua hivyo, na sikulala kizembe. Nilijenga dungu, nikazungusha kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, nikaweka madebe ya kupiga. Usiku mmoja wa Aprili, mahindi yakianza kukauka, homa ilinilaza ndani na mvua ikanyesha mpaka alfajiri. Kulipopambazuka, karo ilikuwa imelala chini, imekanyagwa, na nyayo zimejaa maji kama mabeseni.

Siku zile sala yangu ilikuwa mashitaka. Nilimwambia Mungu kwamba amevunja ahadi. Nikafungua Kitabu cha Mwanzo kutafuta ushahidi, nikakutana na Ibrahimu na Sara, walioahidiwa mtoto, wakachoka kungoja, wakabuni mpango wao kwa njia ya Hajiri. Nilitaka kuwalaumu, nikaona aibu. Wao walikuwa na ahadi kweli. Mimi nilikuwa nimejiahidi mwenyewe, kisha nikamtaka Mungu atie sahihi. Nilipekua nisione mahali popote aliponiahidi magunia 48. Nilichokiona ni kwamba hatatuacha. Nami ahadi hiyo niliiona ndogo, kwa kuwa haikuwa na hesabu.

Jioni moja jirani yangu, Mwislamu, aliingia uani na debe la mahindi kichwani. Shamba lake nalo lilikuwa limeliwa upande mmoja. Nilianza kumkatalia, akaniwahi. "Mwalimu, hii si sadaka. Ni amana. Siku utakapokuwa nacho, mpe mwingine."

Alipoondoka nilibaki nimekaa na lile neno. Amana ni kitu ukiachiwa kwa kuwa umeaminiwa. Kumbe nilikuwa nimefundisha imani miaka yote kama jambo litokalo kwangu kwenda juu, nisiulize ni nini nimeaminiwa nacho mimi. Debe lile liliyaleta pamoja maneno yote ya ubaoni, nami nilikuwa nimeketi katikati yao kama mwanafunzi.

Sitaki kumdanganya msomaji. Mahindi hayakuota upya. Kijana wetu alikaa nyumbani mwaka mzima, akalima nasi, na uchungu wake niliuona kila asubuhi. Sasa yuko chuoni, mwaka wa pili. Jiko bado ni la nyasi.

Dungu nalo bado napanda. "Tawakali" ni ndugu wa "wakili", na aliyeweka wakili halali nyumbani siku ya kesi. Hufika barazani mapema, amevaa vizuri. Ila hamnyang'anyi wakili maneno. Daftari pia ninalo. Tofauti ni kwamba "Mungu akipenda" siku hizi huliandika mstari wa kwanza, nikangoja kidogo kabla ya kuandika wa pili.

Nawaachia ubeti niliotunga huko dunguni:

Nilipanga kwa kalamu, shamba langu na mavuno,
Nikaandika kwa hamu, hesabu ndefu na nono,
Tembo wakapita humu, wakanifunza kwa meno,
Ahadi yake Karimu, si mapatano ya wino.