Spesa ya Rimu na Vipimo Visivyoandikwa

Huko Ujerumani, mwenye pikapu akitaka kuvisha rimu za gari jingine hakatazwi kutumia spesa, ile sahani ya chuma au alumini inayokaa kati ya habu na rimu. Anachodaiwa ni ushahidi. Spesa huuzwa pamoja na ripoti ya kiufundi inayotaja gari na rimu inazofaa, na kwa kawaida ikishafungwa hukaguliwa na wataalamu wa mashirika ya ukaguzi kama TÜV au DEKRA. Kwa kifungu cha 19 cha kanuni za magari za nchi hiyo, StVZO, badiliko linaloweza kuhatarisha watu huliondolea gari kibali cha kutembea barabarani. Mombasa, mara nyingi nati hukazwa, pesa hulipwa, gari likaondoka. Sioni kwamba tumepungukiwa na ustadi. Tumepungukiwa na vipimo vilivyoandikwa.

Tazama Hilux ya 4x4 na Isuzu D-Max. Zote zina stadi (boliti za habu) 6 kwenye duara la milimita 139.7, kwa hiyo kwa macho rimu ya Hilux yaikubali D-Max. Lakini tundu lake la kati lina milimita 106 hivi, na habu ya D-Max ina 100. Hubaki pengo la milimita 3 kuzunguka habu, na kazi ya kuiweka rimu katikati inaachiwa nati peke yake. Spesa iliyochongwa sawasawa huliziba pengo hilo. Isiyo na stadi zake yenyewe hula urefu wa stadi za gari, nati ikashika nyuzi chache. Na hata iliyo bora, ikiwa ya milimita 30, huisogeza tairi nje na kuzidisha mzigo kwenye beringi. Pikapu inayotoka Marikiti imesheheni viazi kuelekea feri ya Likoni haina nafasi ya kukisia. Isitoshe, kwa hewa ya chumvi ya kisiwani, alumini iliyobanana na chuma huliwa upesi.

Wako watakaosema mafundi wetu wamefunga spesa miaka mingi, hasa kwenye Land Cruiser 79, ambayo kwa miaka mingi magurudumu yake ya nyuma yalikaribiana kuliko ya mbele kwa takriban milimita 95. Ni kweli, ndiyo maana sidai zipigwe marufuku. Wengine watasema karatasi za Kijerumani ni ghali, na zikiletwa zitafungua mlango wa hongo. Hofu hiyo ina msingi. Ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani ya Kenya, kwa magari ya biashara nao ni wa mara moja kwa mwaka, ilhali nati hulegea kwa siku chache. Basi tuanzie kwenye risiti ya gereji: fundi aandike unene wa spesa, kipenyo cha tundu, nguvu aliyokazia, na siku ya kurudi kukaza tena. Aandike pia nati imezunguka mara ngapi. Stadi ya milimita 12 yenye hatua ya 1.5 huhitaji mizunguko 8 hivi. Risiti hiyo haingoji sheria mpya, humlinda fundi mwangalifu na lawama, na humpa mteja haki ya kuuliza kabla hajaugusa usukani.