Muuza Mbegu na Kombe Lake

Katika michezo yote niijuayo, gofu ndio uliodhaniwa na wazee wa kwetu Bungoma kuwa hauna maana. Mtu mzima, mwenye akili zake timamu, huupiga mpira mdogo kuliko yai la kuku, akaufuata, akaupiga tena, akaenda hivyo maili nne au tano, mpaka utumbukie katika mashimo kumi na manane, kila shimo upana wake inchi nne na robo. Wazee waliuliza kwa nini mtu huyo asichukue jembe akalima, maana kutembea na kuinama ni kule kule, na jioni angalau angekuwa na shamba.

Sikusudii kukushawishi, msomaji, uupende mchezo huo. Nataka kukupa habari ya Kombe la Ryder, ambalo wachezaji wa Marekani na wa Ulaya hulishindania kila baada ya miaka miwili. Aliyelitoa alikuwa muuza mbegu, nasi watu wa Kitale na Bungoma, hata kama hatujui gofu, twajua mbegu ni kitu gani. Tena katika kombe hilo lilitendeka jambo dogo mwaka 1969 ambalo wapenda michezo hawajaacha kulibishania, nami nina rai yangu juu yake.

Samuel Ryder alizaliwa Uingereza mwaka 1858, mtoto wa mtunza bustani. Alipokuwa mtu mzima alihamia mji wa St Albans, akaanza biashara ya kuuza mbegu za maua na mboga kwa njia ya posta. Hila yake ilikuwa nyepesi: kila pakiti aliiuza kwa peni moja tu. Aliwafikiria watu wenye vibustani nyuma ya nyumba zao na mshahara mdogo mfukoni. Yasemekana alizituma pakiti siku ya Ijumaa ili zifike Jumamosi, kwa kuwa ndiyo siku mfanyakazi aliyopata nusu ya mchana kuwa yake mwenyewe. Kwa peni hizo, moja baada ya moja, Ryder akatajirika, na mwaka 1905 akawa meya wa mji wake. Gofu hakuijua mpaka alipokaribia umri wa miaka hamsini, afya yake ilipodhoofika akashauriwa atafute hewa safi. Akajifunza kwa bidii ya mtu aliyechelewa, hata akamwajiri mchezaji hodari, Abe Mitchell, awe mwalimu wake.

Hapa naomba ruhusa ya kutoka kidogo njiani. Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na kazi yake ya kwanza ilikuwa mbegu za majani ya malisho. Katika mji huo huo wataalamu walikuwa wakichanganya mahindi ya Kitale na mahindi yaliyoletwa kutoka milima ya Ecuador, huko Amerika ya Kusini, na mwaka 1964 ikatoka mbegu chotara iliyoitwa H611. Mbegu hiyo ilizaa kupita ile ya zamani, lakini ilikuwa na sharti zito: mkulima hakuweza kuweka magunzi darini akapanda punje zake mwaka wa pili bila mavuno kupungua. Ilimpasa anunue upya kila msimu. Mama yangu alipoelezwa hayo aliuliza, "Mbegu gani hiyo isiyozaa mbegu?" Alikaa misimu miwili akilitazama shamba la jirani kabla ya kufungua kitambaa chake cha fedha. Mbegu ya Kitale isingalifika kwa watu kama mama yangu kama ingaliuzwa kwa magunia kwa wenye mashamba makubwa peke yao. Ilifika kwa sababu iliwekwa katika pakiti na kuuzwa dukani, karibu na chumvi na mafuta ya taa. Ryder angaliielewa biashara hiyo bila kufasiriwa.

Turudi kwenye kombe. Mwaka 1926 wachezaji wa kulipwa wa Uingereza na wa Marekani walipambana huko Wentworth, na Waingereza wakashinda kwa pointi 13½ kwa 1½. Ryder alikuwapo, akapendezwa. Alitoa kombe la dhahabu, lenye urefu wa inchi kumi na saba, na juu yake kikawekwa kisanamu cha mchezaji mfano wa mwalimu wake Mitchell. Mashindano ya kwanza rasmi yalichezwa mwaka 1927 huko Worcester, katika jimbo la Massachusetts, na safari hii Wamarekani ndio walioshinda, 9½ kwa 2½. Mitchell mwenyewe hakucheza. Maradhi ya kidole tumbo yalimzuia kupanda meli. Kisanamu chake kikavuka bahari bila yeye.

Ni lazima uelewe namna ya kuhesabu, la sivyo sehemu iliyobaki haitakuwa na ladha. Katika mashindano mengi ya gofu huhesabiwa mapigo yote tangu mwanzo hadi mwisho, na mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Katika Kombe la Ryder kila shimo ni vita yake. Ukilipoteza shimo la tatu kwa mapigo kumi, umepoteza shimo moja tu, na katika la nne mwaanza sawa tena. Tena mchezaji aweza kumsamehe mwenzake pigo: mpira ukiwa umelala karibu na shimo, mpinzani husema "chukua," nao huhesabiwa kuwa umeingia. Hakuna sheria imlazimishayo kusema hivyo. Wachezaji wa ridhaa wa Kenya na Uganda nao wameshindania Kombe la Victoria kwa mtindo huo huo.

Basi mwaka 1969, huko Royal Birkdale, Uingereza, siku ya tatu jioni, pande zote mbili zilikuwa sawa, na uwanjani wamebaki wawili: Jack Nicklaus wa Marekani, na Tony Jacklin, Mwingereza aliyekuwa ameshinda mashindano makubwa ya wazi ya nchi yake miezi miwili tu kabla. Nao walikuwa sawa, wamefika shimo la mwisho. Nicklaus akauingiza mpira wake. Jacklin alibakiwa na kiasi cha futi mbili hivi. Umbali ambao mtoto aweza kuupiga, na ambao mtu mzima mwenye macho ya taifa zima mgongoni aweza kuukosa. Nicklaus akainama, akaiokota alama ya mpira wa Jacklin, akamsamehe. Pointi zikawa 16 kwa 16. Nahodha wake, Sam Snead, hakupendezwa hata kidogo, na baadhi ya wenzake vile vile: walikuja kushinda, si kugawana.

Nililisoma jambo hilo katika gazeti kuukuu nikiwa mwanafunzi wa sekondari, likanikumbusha Agosti ya mwaka 1965. Wakati wa likizo mimi na vijana wengine tulikwenda upande wa Kitale kubeba mikoba ya gofu katika uwanja mmoja ambao sitautaja. Wanachama karibu wote walikuwa Wazungu, wengine wameanza kuuza mashamba. Sisi tulikuwa mabega yao. Siku ya Jumatatu, uwanja ukiwa mtupu, tuliruhusiwa kucheza. Tukajigawa: Bungoma upande mmoja, Kitale upande wa pili, wanne kwa wanne, tukachanga senti kumi kumi na kuziweka ndani ya mkebe wa majani ya chai. Fimbo zilikuwa tatu kwa watu wanane.

Tulifika shimo la mwisho tukiwa tumewatangulia kwa moja. Mvulana mmoja wa Kitale alibakiwa na umbali wa mkono, toka kiwiko hata ncha ya kidole, na akiuingiza tutakuwa sare. Sote tulimtazama kaka yetu mkubwa, aliyekuwa kama nahodha. Hakusema "chukua." Alisimama tu, mikono nyuma, uso wake hauna chuki wala huruma. Mvulana akapiga, mpira ukaugusa ukingo, ukazunguka, ukatoka nje.

Utasema, msomaji, kwamba Nicklaus alikuwa bora kuliko kaka yetu. Mimi sina hakika. Kumbuka kwamba Marekani ndio waliokuwa na kombe tangu mwaka 1959, na kwa desturi ya mashindano hayo, pande mbili zikitoka sare, aliyekuwa nalo hubaki nalo. Nicklaus alitoa ushindi, na ushindi ni kitu, lakini hakulitoa kombe. Heshima yake siipunguzi. Angaliweza kunyamaza kama kaka yetu, na hakuna ambaye angalimlaumu. Nasema tu kwamba alikuwa na akiba ya kutolea. Senti arobaini za Kitale zilikuwa daftari na wino wa muhula mzima, na kaka yetu alikuwa na wadogo zake wawili shuleni. Apimaye ukarimu wa watu na apime kwanza kilichomo mkobani.

Tena kuna watu ambao katika mashindano hayo hawakupata hata nafasi ya kusamehe wala kusamehewa. Mpaka mwaka 1961 chama cha wachezaji wa kulipwa cha Marekani kilikuwa na sharti katika katiba yake kwamba wanachama wawe Wazungu, na mtu mweusi wa kwanza kulichezea Kombe la Ryder, Lee Elder, alifika mwaka 1979, miaka hamsini na miwili baada ya mashindano ya kwanza. Mwaka huo huo ndipo wachezaji wa bara la Ulaya walipoungana na wale wa Uingereza na Ireland, baada ya Nicklaus mwenyewe kushauri hivyo, kwa kuwa Wamarekani walikuwa wakishinda mpaka utamu ukaisha. Mwaka 1985 Ulaya wakalichukua kombe, na tangu hapo hakuna ajuaye mapema nani atashinda. Mwaka 2025, karibu na New York, Ulaya walishinda 15 kwa 13 mbele ya wenyeji waliowazomea tangu asubuhi.

Ryder hakuyaona hayo. Alikufa mwaka 1936, akazikwa pamoja na fimbo aliyoipenda.

Na yule mvulana wa Kitale? Aliuokota mpira, akaupangusa kwa shati, akamrudishia mwenyewe, kwa sababu ulikuwa wa kuazima. Kisha akauliza kama Jumatatu ijayo tungekuja. Kaka yetu akajibu, "Tukija, njoo na senti ishirini." Tulikwenda. Walitushinda kwa mashimo manne.