Mwezi wa Saba Kila Timu Bingwa

Leo sizungumzii boom wala ratiba ya mitihani. Nazungumzia mpira. Najua wapo watakaosema "haya sasa, dada naye kaanza", lakini vumilieni, mbele kuna mambo ya familia na hela ya mama.

Tanzania tuna mwezi mmoja ambao timu zote ni bingwa. Ni Julai. Hakuna aliyefungwa, hakuna mwamuzi wa kulaumiwa, kila aliyesajiliwa ni hatari, na kila kocha anasema vijana wameshika maelekezo vizuri. Mimi napenda mwezi huo kuliko ligi yenyewe. Timu zinaingia kambini kujifua na sisi wengine tunabaki kuota.

Morogoro tulikuwa na bahati ya pekee hapo. Mji uko kilometa karibu 200 tu kutoka Dar, na mwezi wa saba kuna kabaridi. Asubuhi ukungu umekaa juu ya Bondwa kama shuka, na vilima vya kukimbilia viko nyuma ya nyumba za watu. Marekani timu za baseball kila Februari zinakimbia baridi ya kwao, zinakwenda kujiandaa Florida na Arizona kwenye joto. Za kwetu zilikuwa zinakimbia joto la Dar kuja kwenye baridi ya Uluguru.

Kwa wasiofuatilia, kambi haina raha yoyote. Siku za mwanzo ni vipimo vya afya, mbio na gym. Mpira wenyewe wanauona kidogo sana, wengi wametoka likizo na vitambi. Halafu unakuja mlima. Baadaye ndiyo mpira unatawala, zinapangwa mechi za kirafiki na timu ndogo za mji, na kocha anaangalia nani anapumua na nani anajifanya anapumua. Mwisho ni matamasha: Simba Day, iliyoanza 2009, na Wiki ya Mwananchi ya Yanga, iliyoanza 2019. Pale uwanja unajaa, jezi zinauzwa, na watu wanaanza kuhesabu makombe ambayo hayajachezewa.

Yanga walipiga kambi hapa Morogoro 2018, na wakaja tena 2019. Kipindi hicho hali yao ilikuwa ngumu. Yusuf Manji alijiuzulu uenyekiti Mei 2017 na hela ikaondoka naye. Kocha Mwinyi Zahera, Mkongomani, ikafika mahali anahimiza mashabiki wachange. Klabu ya tangu 1935, kongwe kuliko Simba kwa mwaka mmoja, inapitisha bakuli! Lakini msimu huo wa 2018/19 walimaliza wa pili. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na kwa watu wa mji huu kuona basi la Yanga likipita mtaani ilikuwa sikukuu.

Sasa hela imerudi, na hela haipendi kilima cha Bigwa. Simba walikwenda Uturuki 2018, Morocco 2021, Misri 2022, Uturuki tena 2023. Yanga nao Morocco 2021, Afrika Kusini 2024. Sawa, hata mimi ningelipiwa tiketi ningekwenda. Lakini mlima uko pale pale, na bure.

Hapa ndipo nataka tuelewane. Watu wengi, hata humu chuoni, wanaona Morogoro ni mahali pa wakubwa kuja kupumulia. Si kweli jamani. Huu mkoa una ubingwa wa Tanzania mara tatu. Mwaka 1975 Mseto ya Morogoro ilichukua ubingwa na kuwa timu ya kwanza kutoka nje ya Dar kuutwaa. Halafu Mtibwa Sugar wakaubeba 1999 na 2000, mfululizo, chini ya kocha John Simkoko. Tangu hapo hadi msimu wa 2024/25, ubingwa haujatoka mikononi mwa Simba, Yanga na Azam, na Azam wenyewe ni mara moja tu, 2013/14. Kwa hiyo timu ya mwisho kutoka nje ya Dar kuwa bingwa ni ya wakata miwa wa kwetu Turiani.

Ndiyo, kwetu. Mimi ni wa Turiani, kama kilometa 100 kutoka mjini, chini ya milima ya Nguru. Mtibwa ilianzishwa 1988 na wafanyakazi wa kiwanda cha sukari. Baba alikuwa kiwandani miaka ile ya ubingwa, na mpaka leo akisimulia unadhani alifunga yeye. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Nilichokuta ni uwanja wa Manungu na miwa pande zote, na timu ambayo wakubwa walikuwa wanaiogopa ikiwa nyumbani.

Nimeona pia mwaka mzuri na mwaka mbaya. Juni 2018 tuliifunga Singida United 3-2 pale Arusha tukachukua Kombe la Shirikisho, kocha akiwa Zuberi Katwila, ambaye naye aliichezea Mtibwa. Mwishoni mwa msimu wa 2023/24 tukashuka daraja, sisi ambao tulikuwa Ligi Kuu zaidi ya miaka 20 bila kushuka. Baba siku hiyo hakula. Mwaka uliofuata timu ikachukua ubingwa wa Championship na kupanda tena, akala ubwabwa wa watu wawili.

Sasa mambo ya familia. Nina mdogo wangu wa kiume, kidato cha tatu, ana miaka 17, anacheza beki wa kulia. Anacheza vizuri, sisemi kwa sababu ni ndugu yangu. Julai, nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya kata hapa mjini, mama akanipigia simu usiku. Kuna mtu kafika nyumbani anajiita wakala. Anasema mtoto aache shule aende naye Dar kwenye majaribio ya timu kubwa, kambi imeshaanza, nafasi ni moja. Hela ya kuanzia shilingi laki tatu. Mama alikuwa anafikiria kukodisha kipande chake cha miwa kwa misimu miwili apate hiyo hela.

"Mwanangu, wewe ndiye msomi, tufanyeje?"

Wadau, hakuna mtihani wa Saikolojia ya Elimu ulionitoa jasho kama swali lile. Nikisema hapana na kumbe nafasi ni ya kweli, mdogo wangu hatanisamehe. Nikisema ndiyo, mama anabaki bila miwa na mtoto bila shule.

Nikamwambia mama anipe siku mbili. Jumamosi nikapanda basi kwenda nyumbani. Sikwenda na hotuba, nilikwenda na majina. Nikamkalisha mdogo wangu nje, tukaanza kuhesabu waliotoka Mtibwa. Shiza Kichuya alikwenda Simba 2016, na Oktoba mwaka huo akawafunga Yanga kwa kona ya moja kwa moja. Kibwana Shomari alikwenda Yanga 2020. Dickson Job akamfuata Januari 2021, na huyo mwaka 2017 alishakuwa nahodha wa Serengeti Boys kwenye AFCON ya vijana kule Gabon. Kipa Abuutwalib Mshery akaenda Yanga Januari 2022. Yanga hiyo hiyo mwaka 2023 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikakosa kombe kwa bao la ugenini tu mbele ya USM Alger.

Nikamuuliza, "Hawa wote walisajiliwa wakitokea wapi?"

"Mtibwa."

"Na nani alilipa, wao au klabu iliyowataka?"

Akanyamaza, halafu akasema, "Dada, lakini wao walionekana."

"Walionekana wakicheza. Kila wiki, hapa hapa, kwenye hii miwa."

Jioni tukampigia yule wakala, simu ikiwa kwenye spika. Shikamoo nikatoa, kwa heshima zote. Nikamuuliza mambo matatu: timu gani, kocha gani anamsubiri, na barua iko wapi. Timu akataja mbili tofauti ndani ya dakika moja. Kocha akasema ni siri. Barua, tutume hela kwanza. Mama alikuwa anachambua mchele, akainuka akaenda jikoni bila kusema neno. Miwa haikukodishwa.

Sisemi mdogo wangu atakuwa Job. Pengine atakuwa mwalimu kama mimi, au atakuwa kiwandani kama baba. Tumekubaliana anamaliza kidato cha nne, na kila alfajiri kabla ya shule anakimbia hadi mtoni na kurudi. Ikifika Julai timu za vijana zinatafuta watu, anakwenda kwa miguu yake mwenyewe, bila kulipa mtu. Timu ya vijana ya Mtibwa imeshabeba ubingwa wa vijana wa taifa zaidi ya mara moja, kwa hiyo mlango upo, na nauli yake ni ya bodaboda.

Shuleni kwenye mazoezi nilikuwa nafundisha Jiografia, mada ya mito. Nikawaambia wanafunzi kwamba Mto Ruvu unaanzia huko juu Uluguru na ndio unanywesha Dar es Salaam. Kijana mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo sisi tunapata nini?" Darasa likacheka, nami nikacheka. Baadaye nikaona ni swali la Mtibwa kabisa: unalea, unaondokewa, mwaka mwingine unashuka daraja huku vijana wako wanabeba vikombe mjini.

Jibu nililonalo mpaka sasa ni hili. Mto hauishi kwa sababu Dar wamekunywa. Unaisha wakikata miti huku juu. Mtibwa ilishuka, ikarudi, kwa sababu kule Turiani bado kuna watoto wanaocheza na watu wazima wanaojali kuwafundisha. Sisi tunaosomea ualimu kazi yetu ndiyo hiyo hiyo. Hatutaingia uwanjani siku ya Simba Day. Sisi ni watu wa Julai.

Kuna wenzangu darasani wameshaapa hawafundishi nje ya Dar hata wafungwe kamba. Sawa, kila mtu na ndoto yake. Mimi nikipangiwa Turiani nitakwenda, na nikifika, mtoto anayejua mpira hataacha shule kwa laki tatu nikiwa namwangalia.

Haya, Jumatatu kuna test ya Mitaala na sijagusa hata ukurasa. Mashabiki wa Simba na Yanga, tukutane kantini mnitukane vizuri. Mtibwa oyee!