Nilibana Video, Bro Nusura Arushwe na Stima

Mnanijua, mimi ni mtu wa kamera na kuhariri video, kwa hivyo hii aibu ni yangu kabisa.

Kejani tuna kompyuta moja. Mimi naitumia kwa kazi, bro wangu mkubwa anaitumia kusoma mambo ya kuweka stima kwa nyumba. Anajiandaa kwa mtihani wa gredi 3 wa NITA, na chuoni walimpa flashi yenye masomo 40, pamoja na programu ndogo ya maswali kwa kila somo. Kila jioni ilikuwa vita. Mtaniambia, si ungechomeka tu kebo ya HDMI kwa TV? Sawa, lakini hapo kompyuta bado imeshikwa, na mimi nimekaa nikimwangalia mtu akisoma fyuzi. Nilitaka achomeke flashi kwa TV, aniachie mashine.

Kumbe TV haina akili ya kompyuta. Kwa kompyuta video zilikuwa zinacheza kwa VLC, ambayo inakuja na uwezo wa kusoma karibu kila kitu. TV inasoma tu kile ilichowekewa kiwandani. Nikabonyeza faili, ikakataa. Nikabadilisha jina kutoka .mkv kuwa .mp4, ikakataa tena. Hiyo ni sawa na kubadilisha mfuniko wa sufuria ukitarajia githeri igeuke pilau. MKV na MP4 ni sufuria tu. Chakula cha ndani kilikuwa H.265, na TV yetu ya kitambo inakula H.264.

Nikashusha HandBrake, ambayo ni ya bure. Kwa sehemu ya ubora kuna namba inaitwa RF: ikipanda, faili inakuwa ndogo na picha inachakaa. Kwa H.264, kati ya 20 na 23 ni fiti. Mimi nikaweka 32, nikashusha picha hadi 480, kwa sababu flashi ni ya GB 8 na sikutaka kompyuta ichemke siku mbili ikikula tokeni. Nikapanga video zote kwa foleni, nikalala. Asubuhi nikafungua moja: mwalimu anaongea, sauti iko. Nikasema imeweza. Sikufungua hata moja yenye mchoro.

Kumbuka mchoro wa waya ni mistari myembamba ya rangi, imepangwa karibu karibu. Video za kawaida huhifadhi rangi kwa undani mdogo kuliko mwanga, kwa hivyo mstari mwembamba wa rangi ndio huumia kwanza ukibana. Waya wa laivu ni kahawia, nyutro ni buluu. Kwa TV yetu vyote vilikuwa kijivu cha matope.

Bro hakusema kitu. Aliangalia wiki nzima, akaenda kwa fundi anayemsaidia kazi, akafunga swichi na balbu kwa ubao wa mazoezi. Balbu ikawaka, akazima, ikazima. Fundi akaweka testa kwa holda, ikawaka. Yaani alikuwa ameweka swichi kwa nyutro. Taa imezimwa, lakini stima bado imefika kwa holda, inangoja mtu apande kwa stuli kubadilisha balbu. Fundi alimfokea mbele ya wengine.

Alirudi kimya. Akamwambia mathe labda hii kazi si yake, arudi tu mjengo. Ndipo nikamuuliza alijifunza wapi hivyo, akanionyesha kwa TV. Nilisimama pale nikijua ni mimi. Nikamwambia. Alininunia siku mbili, na alikuwa na haki.

Nikarudia kila kitu: RF 20, 1080 kama ilivyotoka, sauti AAC. Safari hii nilibadilisha kwanza dakika moja ya mchoro mgumu zaidi, nikakaa kwa kochi pale bro hukaa, nikahakikisha naona buluu. Zilichukua usiku mbili na hazikuenea kwa flashi, kwa hivyo anapewa kumi kumi.

Kuna kitu kingine TV haiwezi: maswali. Ukibadilisha video, ile programu inabaki kwa kompyuta, na bila maswali somo linageuka muvi, unalala katikati. Nikayanakili kwa daftari, nikampa mathe. Sasa anauliza kutoka jikoni akikata sukuma, na jibu likiwa baya anarudia swali kwa sauti kubwa zaidi.

Jana akauliza moja ambayo haikuwa kwa daftari: kwa nini swichi ya bafu humwasha mkono? Bro akaniangalia, akaenda kuzima meni swichi. Naandika hii gizani, chaji iko asilimia 11, na kutoka bafu nasikia tu, "We boy, leta tochi."