Pindo la Pazia

Pazia langu la sebuleni lina mistari minne ya mshono karibu na pindo. Mmoja ndio unaolishikilia sasa. Mitatu ni ya zamani, imebaki vitobo tu vya sindano vilivyofuatana kama msafara wa sisimizi. Mstari wa juu kabisa ni wa Tandika, kwenye chumba ambacho dari yake mtu mrefu aliweza kuigusa. Unaofuata ni wa Keko, wa tatu wa Buguruni, na wa chini ni wa hapa Mbagala ninapoishi. Nyumba nne, pazia moja.

Nashona mapazia na kupamba nyumba za watu tangu mwaka 2009. Wateja wangu wengi ni wapangaji wa chumba na sebule: walimu, manesi, mama lishe, madereva wa bajaji, vijana walioajiriwa juzi. Wakishalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo na kumtoa dalali, mfukoni inabaki chenji. Hiyo chenji ndiyo wanayoniletea, na kila mmoja anaitaja kwa aibu kana kwamba ameniletea matusi. Mimi huipokea vizuri, kwa sababu nami nimepitia huko, na nilipopitia nilikosea.

Kosa langu lilikuwa sofa. Mwaka 2011 nilikopa kwenye kikoba chetu nikaagiza seti nzima kwa fundi: la watu watatu, la watu wawili, na mawili ya mtu mmoja mmoja. Yalipofika, sebule ilijaa hadi mlango wa chumbani ukawa unafunguka nusu. Nilifurahi mno. Majirani waliingia kutazama kama waliokuja kumwona mtoto mchanga. Miezi minane baadaye mama mwenye nyumba akaniita uani, akanieleza kwa upole kwamba mwanawe anaoa na chumba anakihitaji. Nikapata pengine, Keko. Kirikuu kikapakia, tukafika, na sofa kubwa likagoma kuingia. Tulilisimamisha, tukalilaza, tukalipindua, mwisho tukang'oa na mlango wenyewe. Upenyo ulikuwa sentimita 72, na ukishaingia tu kuna kona. Sofa lilikuwa na sentimita 85 kila ulikoligeuza.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Walikuwa hawajanunua sofa.

Usiku ule lililala nje, mvua ikanyesha. Asubuhi tulipoligeuza kumwaga maji, kitambaa cha chini kikachanika, nikaona nilichokuwa nakilipia: vipande vya mbao mbichi, sponji la mabaki, na unga wa bungua umejaa kwenye pembe. Nililiuza kwa robo ya bei. Mkopo niliendelea kuulipa mwaka mzima, nikiwa nimekaa kwenye mkeka.

Na ni kwenye mkeka ule nilipopata akili. Niliutazama nikaona ndio kitu pekee ndani ya nyumba kilichohama bila kunisumbua. Uliviringishwa, ukabebwa begani, ukatandikwa. Tangu siku hiyo kipimo changu ni kimoja: pambo la nyumba ya kupanga lazima lijue kuhama. Lipite mlango wowote, na likifika lisigombane na nyumba mpya.

Nikupeleke kwenye kazi moja uione. Mwaka 2023 aliniita mwalimu wa shule ya msingi, binti aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka kwao. Sebule yake ilikuwa mita 3 kwa mita 3 na nusu, dirisha moja.

"Shikamoo, fundi. Karibu, ila usishangae."

"Marahaba, mwanangu. Kushangaa ndiyo kazi iliyonileta."

"Nina laki moja na elfu themanini tu."

"Hiyo 'tu' iache. Tuanze kwa kutoa."

Alidhani nimekuja na orodha ya vitu vya kununua. Badala yake tulitoa kila kitu tukakipanga uani: sofa la mitumba la watu wawili, viti vinne vya plastiki, meza, kabati la kioo lenye seti tatu za vikombe, maua ya plastiki yaliyobadilika rangi kwa vumbi, maboksi ya televisheni na feni, kalenda mbili za miaka iliyopita. Kisha nikamwambia arudishe kile tu alichokitumia mwezi ule. Ilirudi nusu. Vikombe vya seti mbili havikuwahi kunywewa chai. Tukavipeleka kwa mama yake. Hapo hatujatoa hata shilingi, na sebule imeshaongezeka.

Ukutani tulikuta siri. Mpangaji aliyetangulia alikuwa amebandika karatasi ya gundi yenye picha ya matofali. Nilipoivuta ikaja na rangi, na nyuma yake ukuta umeota chumvi nyeupe mpaka usawa wa goti. Kwenye nyumba za bondeni hili ni jambo la kila siku: maji yanapanda kutoka ardhini, yanabeba chumvi, yanatokea ukutani. Ukiyaziba kwa karatasi au kwa rangi nzito, yanasukuma mpaka rangi inavimba kama lengelenge. Ukuta ule tuliuparua hadi kwenye saruji, tukaupiga brashi kavu, tukauacha wiki nzima dirisha likiwa wazi, halafu tukaupaka chokaa tupu. Chokaa haimalizi unyevu, ila inauachia njia ya kutoka. Wazee wa Mji Mkongwe kule Unguja walijenga kuta za mawe ya matumbawe wakazikandika chokaa, na kuta hizo zinapumua. Zilizokuja kukarabatiwa kwa saruji, nyingi zimebanduka plasta. Ubaya wa chokaa ni kwamba ukiiegemea unaondoka nayo mgongoni, kwa hiyo upande ule tuliweka meza ya televisheni, hatua moja mbali na ukuta.

Kuta tatu zilizobaki tulizipaka rangi ya maji, nyeupe iliyozidiwa kidogo na njano, kama tui la pili. Na hapa kipimo changu kinafanya kazi yake. Rangi haihami. Siku unapoondoka unamwachia mwenye nyumba. Kwa hiyo huwa nanunua ya bei ya kawaida, na kabla ya brashi kugusa ukuta namwambia mpangaji aende kuzungumza. Mwalimu alikwenda na risiti mkononi. Baba mwenye nyumba alikuna kichwa, akakubali kukata nusu ya gharama kwenye kodi itakayofuata.

Pesa kubwa naipeleka kwenye kitambaa, kwa sababu kitambaa kinahama, na dirishani ndiko jicho linakokimbilia mtu akiingia. Watu wengi hutundika pazia pale pale dirisha linapoanzia, upana ule ule, likakomea kwenye kizingiti kama gauni lililomruka mtoto. Chumba kinaonekana kifupi na dirisha kama tundu. Pandisha bomba hadi shubiri moja chini ya dari, lirefushe kila upande lipite dirisha kwa sentimita 25, na uliache pazia lishuke mpaka ligusane na sakafu. Dirisha la mwalimu lilikuwa mita moja na nusu, bomba tukalikata mita 2. Kitambaa nachukua mara mbili ya urefu wa bomba ili mikunjo ijae, kwa hiyo mita 4. Nilikwenda Kariakoo nikatafuta lile jora pana la sentimita 280, ambalo upana wake unageuzwa kuwa urefu wa pazia, na halihitaji kiungo hata kimoja.

Sasa sikiliza hesabu. Kutoka kwenye bomba hadi sakafuni palikuwa na sentimita 235. Juu nilitumia 10 kwa ajili ya pete. Zikabaki 35. Fundi mwingine angezikata akashonea mito, na mteja angemsifu kwa kutopoteza kitambaa. Mimi nilizikunja zote ndani, mkunjo juu ya mkunjo, nikashona kwa mkono, mshono mrefu mlegevu ambao wembe unaufumua bila kujeruhi nguo. Pindo zito lina faida leo na kesho. Leo uzito wake unalivuta pazia lianguke wima, lisipepee hovyo feni ikiwashwa. Kesho, ukihamia nyumba yenye dari ya juu, unalo pazia refu zaidi bila kununua.

Mito tuliishona kwa kanga. Kanga moja ina kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, na ukiipanga vizuri inatoa vipande sita, yaani mito mitatu ya sentimita 45, mbele na nyuma. Doti ni kanga mbili. Ile ya pili nilimwambia aitunze, siku mto ukichakaa abadilishe bila kuhangaika kutafuta rangi. Sharti langu moja: ifuliwe peke yake kabla ya kukatwa, maana kanga mpya inachuja. Na jina lile la chini, kama unaliweka kwenye mto, liweke zima. Ukilikata katikati, mgeni atasoma nusu, nusu iliyobaki atajimalizia mwenyewe, na hujui ataifikisha wapi.

Chini tuliweka mkeka wa ukindu. Naununua kwa akina mama wanaoleta kutoka Rufiji, na kabla ya kulipa nauinua usawa wa jua. Mkeka ni kili nyingi zilizounganishwa kwa kushonwa. Mwanga ukipenya kwenye maungio, mshono umelegea na miezi sita haifiki. Kapeti la manyoya kwa joto la Dar ni kufuga vumbi. Mkeka unaupangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, unauanika kivulini, basi.

Kwenye ukuta wa sofa mwalimu alitaka picha, akanionyesha kwenye simu zile za fremu za dhahabu. Nikamuuliza kama anajua Edward Saidi Tingatinga alichorea nini alipoanza, mwaka 1968, hapa hapa Dar es Salaam. Alichorea rangi ya baiskeli kwenye vipande vya ubao wa dari. Vifaa vya kawaida tu, na leo jina lake ni mtindo mzima wa sanaa. Mwalimu akacheka, akaingia chumbani akatoka na michoro ya wanafunzi wake: kuku, mnazi, na daladala lenye abiria wanaotoka madirishani. Daladala ndilo lililoshinda. Tulilitia kwenye fremu ya mitumba, na pembeni yake tukatundika nyungo tatu, mkubwa, wa kati na mdogo. Misumari ya zege minne ukuta mzima, kwa ruhusa.

Mwisho taa. Ile nyeupe kali inafanya sebule ifanane na duka la dawa. Tuliweka ya mwanga wa njano, tukaifunika kwa kikapu cha ukindu kilichopinduliwa. Taa iwe ya LED, kwa sababu zile za zamani zinachemka na ukindu unashika moto. Waya aliufunga fundi umeme, mimi sigusi.

Tukakaa na daftari. Rangi 45,000, chokaa 5,000, kitambaa 36,000, bomba na pete 18,000, kanga 12,000, mkeka 35,000, nyungo 9,000, taa na kikapu 10,000. Jumla 170,000. Matumbo ya mito tulijaza mabaki ya vitambaa vyangu. Elfu kumi ikawa nauli na soda, na ufundi wangu alinilipa mwisho wa mwezi.

Siwezi kusema kila mteja ananielewa. Wapo wanaokwenda zao kununua seti kwa mkopo, na wapo walionipita barabarani bila salamu kwa sababu niliwashauri kuuza kabati la kioo. Siwalaumu. Nami nililihesabu lile sofa kuwa heshima yangu, na aliyenikataza wakati ule nilimwona ana wivu.

Mwaka uliofuata mwalimu alipata uhamisho kwenda Lindi. Nilikwenda kumsaidia kufunga. Sofa na kabati aliviuza. Mkeka uliviringishwa, mito ikashindiliwa kwenye kiroba, ungo mdogo ukaingia ndani ya wa kati na wa kati ndani ya mkubwa, fremu ikalala katikati ya pazia lililokunjwa. Sebule nzima iliingia kwenye buti la basi.

Siku tatu baadaye simu ikaita usiku.

"Fundi, shikamoo. Dari ya huku iko juu, pazia linaelea. Nifanyeje?"

"Marahaba. Una wembe?"

"Ninao."

"Geuza pindo. Tafuta uzi mweupe, mrefu mrefu. Kata mmoja, vuta."

Akaiweka simu chini. Nilisikia feni, nikasikia mtoto wa jirani analia, kisha sauti ndogo ya uzi unaochomoka, kituo, uzi mwingine. Nikasubiri.

"Limegusa sakafu," akasema.

"Sasa lishone hapo hapo. Na usikate kilichobaki."